Mpira, kikundi cha maongezi, au kusimulia maisha kwa kaunsela: kijana aliyekimbia vita umpeleke wapi?

Hili swali linakuja kwa sura nyingi. Mama anasema mwanae wa miaka 16 halali, akilala anaweweseka, na ameshaambiwa kuna kikundi cha maongezi pale Base Camp (eneo moja la makazi ya Nakivale), kuna mkesha wa maombi kanisani, alafu kuna vijana wa mpira nao wanasema wanatibu troma (kiwewe), sa yeye ashike lipi? Kaka mkubwa anauliza hivohivo kuhusu mdogo wake wa kike. Kiongozi wa vijana amepata vijihela vya mfadhili na anataka kujua aanzishe nini. Nimeona niandike kitu kimoja, niweke hizi njia moja pembeni ya nyingine, zile zinazoendeshwa na wakimbizi wenyewe, na nitasema wazi ningechagua ipi kwa nani, maana vipeperushi vya mashirika vinasifia kila kitu na ukimaliza kusoma unabaki palepale.

Naongelea zaidi Nakivale, makazi ya wakimbizi kule Isingiro kusini magharibi mwa Uganda. Wakimbizi wako pale tangu mwisho wa miaka ya 1950, walianza Watutsi wa Rwanda, leo wengi ni Wakongo, wapo Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha sokoni na bombani. Ila mtu wa kambi ya Kakuma kule Kenya au Nyarugusu kule Tanzania akisoma nadhani ataona ni mambo yaleyale, tofauti ni nani anakuruhusu kutembea na nani hakuruhusu.

Kabla ya kulinganisha chochote, angalia kijana mwenyewe ni yupi. Goma, mashariki mwa Congo, ilichukuliwa na waasi wa M23 mwisho wa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na watu wakavuka kupitia kituo cha mapokezi cha Nyakabande kule Kisoro, Uganda, ndo wakaletwa kwenye makazi. Sasa utakuta vijana wawili wa umri mmoja wamekaa benchi moja, mmoja ametoka kwenye risasi juzi na hajui mama yake yuko wapi, mwingine kazaliwa hapahapa settlement (makazi ya wakimbizi) na kinachomtesa ni kuona amemaliza shule na hakuna kitu mbele. Wote wataandikwa kwenye fomu moja "kijana mkimbizi, msongo wa mawazo" na wote watapelekwa kwenye kikundi kimoja. Hapo ndo mambo yanapoharibika mapema.

Na sio kila aliyekimbia anaumwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba kwenye maeneo yaliyopitia vita mtu mmoja kati ya watano ana tatizo fulani la afya ya akili, na humo wamehesabiwa hata wenye hali nyepesi. Kwa hiyo wengi wanaolia na kukosa usingizi wiki za kwanza watatulia wenyewe wakipata usalama, chakula, turubai lisilovuja, na habari za ndugu zao. Mgeni wa namna hiyo usimkimbize kwenye kaunseling. Mtafutie simu apige nyumbani kwanza.

Mpira, ngoma, maigizo

Hii ndo njia inayopendwa kuliko zote, na naelewa kwa nini. Haina aibu. Hakuna jirani atakayesema mtoto wa fulani ni kichaa kwa sababu ameonekana uwanjani. Hakuna anayekuuliza ulipita wapi na uliona nini. Mwili unachoka, usingizi unakuja, unapata watu wa kukuita jina lako kila jioni, na kwa kijana aliyefika peke yake hicho sio kitu kidogo kabisa. Gharama ni mpira na mtu mwenye moyo. Ngoma nayo ni vilevile, Warundi na ngoma zao, Wakongo na kwaya na rumba. Kule Dzaleka nchini Malawi Tumaini Festival imekuwa ikifanyika ndani ya kambi yenyewe tangu 2014, wazo la mkimbizi Mkongo ambaye ni mshairi, na wenyeji wanaingia kambini kucheza na kununua vitu. Heshima anayoipata kijana akisimama kwenye jukwaa kama lile haina dawa ya hospitali inayoweza kuileta.

Lakini sasa tuambiane ukweli. Kaskazini mwa Uganda, wakati watu wa Gulu bado wako kwenye kambi za wakimbizi wa ndani kwa sababu ya vita vya waasi wa LRA, watafiti walichukua vijana 314 wa miaka 14 mpaka 17 wenye huzuni nzito na wasiwasi, wakawagawa. Wengine waliingia kwenye vikundi vya maongezi vinavyoongozwa na watu wa palepale waliopewa trening, wengine wakaingia kwenye michezo na sanaa, wengine wakasubiri zamu. Matokeo yalitoka 2007. Michezo na sanaa haikupunguza ile huzuni kuliko kusubiri tu. Vikundi vya maongezi viliipunguza, hasa kwa wasichana.

Nimeona watu wakiisikia hii wanakasirika, hasa makocha. Lakini haisemi mpira ni mbaya. Inasema ukishakuwa na kijana ambaye huzuni imeshamkalia, hali chakula, haongei, haoni sababu ya kuamka, basi kumtupa uwanjani na kusubiri apone ni kumchelewesha. Mpira ni wa kumweka kijana karibu na watu ili kama kuna kitu kinamsumbua kionekane. Kocha mzuri ni yule anayejua kwamba namba saba hajaja siku nne na anaenda kumgongea mlango. Akishaongea naye na kuona hali sio, anampeleka kwingine. Kocha asiyejua ampeleke wapi ana timu nzuri tu ya mpira, na ni sawa, ila asiiite tiba. (Siku hizi kila kitu kinaitwa saikososho, yaani msaada wa kisaikolojia na kijamii, hadi kugawa sabuni.)

Kikundi cha maongezi

Vile vikundi vya Gulu vilikuwa vidogo, wasichana kivyao na wavulana kivyao, wanakutana mara moja kwa wiki kwa muda wa saa moja na nusu mpaka masaa mawili, kwa wiki 16. Anayeongoza sio daktari, ni mtu wa jamii aliyefundishwa. Na sio maongezi ya kila mtu aseme lake tu, kuna njia. Mnatafuta huzuni ya kila mmoja imeanzia wapi kati ya vitu vinne: umefiwa, una ugomvi na mtu wa karibu, maisha yako yamegeuka ghafla, au uko mpweke huna watu. Alafu kikundi kinakusaidia kufanya kitu kuhusu hicho kimoja, wiki hii ujaribu, wiki ijayo uje useme imeendaje.

Ukiwajua vijana wetu utaona kwa nini inashika. Binti ambaye baba yake alipotelea njiani karibu na Uvira, hakuna mwili, hakuna kaburi, hakuna matanga yaliyofanyika, na nyumbani kila mtu ameamua kutomtaja kwa sababu mama atalia. Kwenye kikundi anaruhusiwa kumtaja. Kuna mwingine anaishi na shangazi, wanagombana kuhusu maji na kuni kila siku, na shangazi naye ana mambo yake, hapo wenzake wanaigiza yale mazungumzo, mmoja anakuwa shangazi, wanajaribu maneno mengine. Mwingine alikuwa kidato cha tatu kule Congo, leo ndo mama wa wadogo wanne. Hayo sio mambo ya dawa wala ya kufukua vita. Ni maisha ya sasa, na mara nyingi ndiyo yanayomkandamiza kijana kuliko hata ile siku ya kukimbia.

Kwa binti mwenye huzuni ya muda mrefu hii ndo ningeichagua ya kwanza, sina shaka. Uganda imesambaa kidogo, StrongMinds, shirika lililoanza 2013, linatumia njia hii ya vikundi ikiwa imefupishwa, kwa hiyo kupata mtu aliyefundishwa sio ndoto.

Matatizo yake sasa. Saa. Kikundi cha saa nane mchana kinakuta wasichana bombani au jikoni, na aliye na mtoto mchanga anakuja mara mbili anaacha. Ukiona kikundi kimewauliza wasichana wenyewe wanataka saa ngapi, na kuna mtu wa kushika watoto, hicho ni kikundi kinachojua kinachofanya. La pili ni wavulana. Utafiti wa Gulu haukuweza kuonyesha wazi kwamba wavulana walipata nafuu kama wasichana, na ukikaa Nakivale utaona kwa macho, wavulana hawaji, wakija wanataniana, na wenye hali mbaya kabisa wako kwenye waragi (pombe kali) au wanatafuna mairungi (miraa) mpaka asubuhi. Kwa wavulana ningeanza na mpira alafu ndani ya mpira niwe na mtu wa kukaa nao baada ya mazoezi, watatu wanne tu. Mvulana anaongea akiwa anafunga kamba za viatu, sio akiwa amekalishwa kwenye mduara na mama mwenye kalamu na daftari.

La tatu ni siri, nitarudi huko chini kwa sababu ni kubwa.

Kusimulia maisha yako kwa mtu mmoja

Hii wengi hawaijui na ajabu ni kwamba ilijaribiwa hapahapa Nakivale. Njia yenyewe ilitengenezwa na wanasaikolojia wa Ujerumani, wa chuo kikuu cha Konstanz, lakini waliofanya kazi Nakivale walikuwa wakimbizi wenyewe waliopewa mafunzo ya wiki kadhaa. Unakaa na kaunsela mmoja. Mnatandika kamba chini, mwanzo wa kamba ni siku uliyozaliwa. Juu ya kamba unaweka maua kwa mambo mazuri na mawe kwa mabaya, kwa mpangilio yalivyotokea. Alafu siku zinazofuata mnatembea kwenye maisha yako toka mwanzo, mkifika kwenye jiwe mnasimama na unaelezea polepole, uliona nini, ulisikia nini, mwili ulifanya nini, ulifikiri nini, na kaunsela anakurudisha kila mara kwenye sasa, kwamba ile ilikuwa kule na wakati ule, na leo uko hapa. Anaandika. Kikao kinachofuata anakusomea alichoandika, unarekebisha. Mwisho unapewa maisha yako yote kwenye karatasi, ni mali yako.

Kwa nini ufanye kitu kigumu namna hiyo? Kwa sababu mtu mwenye troma ya kweli, yule ambaye mlio wa pikipiki unamrudisha msituni na harufu ya nyama ya kuchoma inamfanya atapike, tatizo lake sio kwamba anakumbuka sana. Kumbukumbu zimevunjika vipande na kila kipande kinajiona kinatokea leo. Kuzipanga kwenye kamba kunazipa tarehe na mahali.

Matokeo ya Nakivale yalichapishwa 2008. Watu 277, Wanyarwanda na Wasomali. Baada ya miezi kadhaa, asilimia 70 ya waliosimulia maisha hawakuwa tena na ugonjwa wa kiwewe, waliopata kaunseling ya kawaida kutoka kwa wakimbizi waliofundishwa walikuwa asilimia 65, na ambao hawakutibiwa, walifuatiliwa tu, asilimia 37. Hizo namba tatu zisome vizuri maana zina mambo mengi. Ile 37 inakwambia zaidi ya theluthi wanapona hata bila matibabu, hivyo usiogope kila dalili. 70 na 65 ziko karibu, yaani mkimbizi mwenzako akifundishwa vizuri na akasimamiwa, njia yenyewe sio ya kupigania sana. Tofauti ilikuwa kwenye kuacha katikati, kwenye kusimulia maisha waliacha asilimia 4 tu na kwenye kaunseling ya kawaida asilimia 21, labda kwa sababu ukiona kamba ina mwisho unataka kufika.

Kwa vijana hasa, kuna kazi iliyofanyika kaskazini mwa Uganda na matokeo kutoka 2011, watu 85 wa miaka 12 mpaka 25 waliowahi kutekwa na kufanywa wanajeshi watoto. Wenyeji waliofundishwa waliwafuata nyumbani, vikao 8. Waliosimulia maisha walipata nafuu kuliko waliopewa masomo ya ziada. Kwa hiyo yule mvulana aliyetoka kwenye kundi la waasi, ambaye hawezi kukaa kwenye kikundi kwa sababu aliyoyafanya hawezi kuyasema mbele ya watu ambao labda walifanyiwa, huyu ni wa hapa. Binti aliyebakwa na hataki mtu mwingine yeyote ajue, ni wa hapa pia.

Ila inauma. Kikao cha kwanza cha jiwe kubwa mtu anaweza kutoka amechoka kuliko alivyoingia, usiku ule ndoto zikaongezeka. Familia ikiona hivo inamtoa, na kumtoa katikati ya jiwe ndo kitu kibaya zaidi unachoweza kufanya. Kama unajua mnahamia Kampala mwezi ujao au kaunsela mkataba wake unaisha, msianze. Alafu mahali. Nyumba zetu ni turubai na udongo, jirani anasikia ukikohoa, kwa hiyo kama hakuna chumba cha kufunga mlango mwambie kaunsela atafute.

Ukiwa na haraka, hivi ndivyo ningepanga:

Ametoka vitani juzi: hakuna hata moja kati ya hizi, tafuta usalama, chakula, ndugu, na mtu mtulivu wa kukaa naye. Mpira ukitaka.

Mpweke, hana rafiki, amechoka na maisha ya settlement ila anakula na analala: mpira, ngoma, kwaya, shule.

Huzuni ya miezi, analia, amejitenga, hasa msichana: kikundi cha maongezi.

Jinamizi, kushtuka, kukwepa njia fulani au watu fulani, miezi imepita na haipungui: kusimulia maisha, mtu mmoja kwa mmoja.

Maombi na wazee wa dini

Sitafanya kama hii haipo, kwa sababu ndo ya kwanza ambayo familia zetu zinakimbilia, Wakongo kwenye makanisa ya uamsho, Wasomali kwa shehe na kusomewa Kurani. Ina kitu ambacho zile zingine zote hazina: haiishi projekti inapoisha. Wafadhili wakiondoka mchungaji yupo. Anakuzika, anakuozesha, anakutembelea. Nimewaona vijana walioshikiliwa na kwaya tu.

Kinachonitia hofu ni pale mtoto anayeweweseka anapoambiwa ana pepo, anafungishwa kula siku tatu wakati chakula chenyewe hakitoshi, au binti anaambiwa asamehe aliyembaka ndo atalala. Kipimo changu ni rahisi, muulize mchungaji au shehe: kijana huyu akipewa dawa hospitali utamwambia anywe? Akisema ndiyo, muache aombe hapo na aende kikundi pia, hakuna ugomvi. Akisema kunywa dawa ni imani ndogo, toka.

Zile fupi fupi

Kuna programu za WHO ambazo utasikia majina yake kwenye mikutano. PM+ ni vikao vitano vya kufundisha kupumua polepole, kutatua shida moja moja, kurudia vitu ulivyoacha kufanya na kutafuta watu wa kukusaidia, inatolewa na mtu asiye mtaalamu, ilijaribiwa Nairobi kwa wanawake na ikasaidia. Self-Help Plus ni ya sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha, vikao vitano, wanawake wa Sudan Kusini walioko makazi ya Rhino Camp, Uganda, waliitumia. Kwa watoto wa miaka 10 hadi 15 kuna EASE, vikao saba vya watoto na vitatu vya wazazi, nayo imejaribiwa kwa vijana wa Kirundi kule Kigoma. Hizi ni nzuri kwa stresi ya kila siku, na ile ya wazazi naipenda kwa sababu nani amewahi kumuuliza mzazi yeye analala vipi? Ila kwa jinamizi zito usizitegemee peke yake.

Na kuna kitu kimoja cha kukwepa kabisa. Wageni wanakuja na gari nyeupe, wanakusanya vijana, kila mmoja asimame aeleze yaliyomkuta, watu wanalia, picha zinapigwa, soda, gari linaondoka. WHO yenyewe imesema kikao cha namna hiyo, cha kumfanya mtu aliyetoka kwenye tukio alieleze kwa undani mara moja alafu basi, kisitumike. Kijana ana haki ya kusema hapana. Mwambieni mapema, maana pale kwenye mduara ni ngumu.

Nani anaongoza, hapa ndo pa kuchagulia hasa

Ukiniuliza kati ya njia nzuri yenye kiongozi mbovu na njia ya kawaida yenye kiongozi mzuri, nitachukua ya pili bila kufikiri. Faida ya mkimbizi mwenzako inajulikana, anajua Kiswahili chako cha Congo, anajua matanga ni nini, hatashtuka ukisema ulilala kwenye migomba wiki nzima. Hatari yake haisemwi kwenye ripoti. Sisi wa Kivu Kusini tumekimbia pamoja na watu ambao jamii zao na zetu zilikuwa zinauana, Minembwe, Fizi, Uvira, na tumekuja kupangwa zoni moja. Kijana wa Kibembe au Kifuliru akikuta kiongozi wa kikundi ni Munyamulenge, au kinyume chake, atakaa kimya vikao vyote na riport itaandika "alihudhuria". Mrundi aliyekimbia kwa sababu ya siasa anaogopa hata jirani yake mwenyewe asije kuwa anapeleka majina nyumbani. Hii haimaanishi vikundi viwe vya kabila moja, hapana, vikundi vilivyochanganyika vikifanikiwa vinafanya kitu ambacho hakuna mkutano wa amani umewahi kufanya. Inamaanisha kijana aulizwe faraghani kabla, nani hutaki kukaa naye, na jibu liheshimiwe bila kutaka sababu.

Mimi ningetafuta kiongozi wa lugha yangu lakini sio wa bloku yangu. Aliye bloku moja na mimi tutakutana bombani, mke wake anamjua mama yangu, na siku moja tutagombania kiwanja.

Siku ya kwanza muulize: nikikwambia kitu, nani mwingine atajua? Jibu zuri lina mipaka ndani yake, atasema hakuna mtu isipokuwa kama unataka kujiua au mtoto anaumizwa, hapo lazima nimwambie fulani. Anayesema "hakuna mtu kabisa, niamini" hajafundishwa. Muulize pia na wewe ukielemewa unaongea na nani. Hawa wanaotusaidia wengi ni wakimbizi wanaolipwa kile kinachoitwa insentivu, hela kidogo, wanasikiliza ubakaji na mauaji asubuhi mpaka jioni alafu wanarudi kwenye turubai lao na ndoto zao. Kama hana msimamizi wa kukaa naye angalau mara mbili kwa mwezi, ataungua, na atakuachia njiani.

Kwa kiongozi mwenye bajeti ndogo

Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mwaka huohuo WFP, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ikakata mgao wa chakula Uganda na Kenya, watu wengi wakaachwa bila kitu kabisa. Sio siri kwamba kaunsela wengi walipoteza kazi. Sasa kabla hujaandika proposal ya vikundi kumi, jua hili: kijana mwenye njaa hatakaa kwenye mduara masaa mawili kuzungumzia upweke. Uji unasaidia. Kikundi kinachoendana na kuweka akiba au bustani kinadumu kuliko cha maongezi matupu, na aibu inapungua kwa sababu mtu anasema naenda kwenye akiba.

Kama una hela ya kitu kimoja, usinunue jezi. Fundisha watu wanne vizuri, wawili wa kike wawili wa kiume, lugha tofauti, na weka hela ya msimamizi wao kwa mwaka mzima kabla ya kuweka hela ya soda. Anza na vikundi viwili vya wasichana na timu moja ya mpira yenye mtu wa kukaa na wavulana. Kusimulia maisha kwa kaunsela acha kwanza mpaka uwe na mtaalamu wa kuwasimamia, hata kama ni kwa simu kutoka Mbarara. Najua wafadhili wanapenda namba kubwa, "vijana 500 wamefikiwa". Wafikie 24 mpaka mwisho.

Pale ambapo hakuna kikundi kinachotosha

Anasema anataka kufa au ameanza kugawa vitu vyake. Anasikia sauti. Ameacha kula. Anajikata. Anaanguka kifafa, na hiki watu wanakichanganya sana na mapepo wakati kina dawa na inafanya kazi. Hao usiwapeleke mpirani wala kwenye mduara, ni kituo cha afya leo, sio kesho, mtafute VHT (mhudumu wa afya ya jamii) wa kijiji chako akusindikize, na kituo kikishindwa watampa rufaa kwenda hospitali ya mkoa ya Mbarara ambayo ina kitengo cha akili. Huduma za serikali Uganda mkimbizi anatibiwa kama raia. Kakuma ni hospitali ya Ammusait. Kwa aliye chini ya miaka 18, namba 116 ni ya bure Uganda, Kenya na Tanzania, na anaweza kupiga mtoto mwenyewe. Usimwache peke yake wakati unatafuta usafiri, mtu mmoja abaki naye, mwingine aende kutafuta boda.